Barua kwa Shangazi: Mume Ana Kibali cha Kazi, Mimi Nina Cheti cha Ndoa

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na mbili, kazi yangu kufungua majalada na kuyafunga. Nilipostaafu nikafungua stesheneri hapa Makole, Dodoma. Nina mashine mbili za fotokopi, moja hufanya kazi ikijisikia. Tangu serikali ihamie huku, nusu ya wateja wangu ni watu wa fomu: wa pasipoti, wa NIDA, wa vibali. Mimi si wakili, na panapohitaji wakili nasema.

Barua ya kwanza

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, naishi Ilazo. Mume wangu ni Mkenya wa Kisumu, mhandisi kwenye kampuni ya ujenzi iliyopata kazi huko Mtumba. Tulifunga ndoa kanisani hapa hapa Dodoma mwaka 2019, na tuna watoto wawili waliozaliwa hapa. Ana kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B, lile la walioajiriwa, vyote aliombewa na kampuni. Mkataba unakwisha miezi minne ijayo na dalili za kuongezewa sizioni. Wenzake watatu wameshapewa barua.*

*Nataka nimwombee ukaazi kama mume wangu. Je, naweza kuomba sasa angali na kibali cha kazi, au nisubiri kwanza kiishe? Mama yangu kule Chamwino anasema nahangaika bure, nimeolewa kwa ng'ombe na kanisani, nimpatie tu uraia yaishe. Mume naye nikitamka lile neno la kwenye fomu, "mtegemezi", ananuna siku mbili. Anasema yeye ndiye analipa kodi ya nyumba, atamtegemea nani? Tena amepanga akimaliza mkataba afungue duka la kutuma na kutoa pesa kwa simu, huku anafanya kazi ndogondogo za ushauri wa ujenzi.*

*Halafu kuna hili. Kwenye cheti cha ndoa jina lake la ukoo limeandikwa Owour. Pasipoti inasema Owuor. Mtu mmoja mtaani kwetu kaniambia nisijali, atalimaliza kwa laki tatu.*
*Mama Wawili, Ilazo*

(Jina la ukoo nimelibadili nisimwanike mtu. Kosa ni la aina ile ile.)

Marahaba mwanangu. Naanza na wa laki tatu, kwa sababu huyo ana haraka kuliko Uhamiaji.

Huyo ni kishoka. Maombi ya vibali siku hizi yanajazwa mtandaoni, mfumo unatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, risiti inabaki kwako. Laki tatu za mkononi zitapita wapi hapo? Anachoweza kukufanyia ni kuchapa cheti kingine chenye Owuor. Ukikipokea, utakuwa umetoka kwenye kosa la karani ukaingia kwenye jinai, na atakayeitwa kujieleza ni wewe uliyekiambatisha.

Sasa hiyo Owour. Kosa hili nalijua kwa sura. Mtu analaza pasipoti na cheti pamoja kwenye kioo cha mashine, mimi nikiinua nakala kuona kama wino umetoka vizuri, ndipo naziona zile herufi mbili zimebadilishana viti. Najua na ilivyotokea. Mchungaji wa Kigogo anasikia jina la Kijaluo kwa mara ya kwanza, bwana harusi jasho linamtiririka ndani ya suti ya kuazima, kwaya imeshaanza, kalamu inapitishwa, kila mtu anasaini pale alipoonyeshwa kidole. Nani anasoma cheti siku ile? Lakini afisa anayefungua jalada lenu hakuwa harusini. Mbele yake kuna Owuor mwenye pasipoti, na kuna Owour aliyeoa. Kwake hao ni watu wawili mpaka mmthibitishie vinginevyo.

Tiba ni mbili. Ya haraka ni kiapo: mume aende kwa wakili, aape kwamba majina yote mawili ni yake, apigiwe mhuri. Siku moja kimekwisha. Ubaya wake ni kwamba kiapo hicho kitaandamana na cheti chenu milele, na cheti cha ndoa hakitumiki mara moja. Kitatakiwa kwenye bima, kwenye mkopo, na siku mmoja wenu akitangulia kitatakiwa kwenye mirathi, wakati ambao hakuna mwenye akili ya kukumbuka kiapo kiliwekwa droo gani. Tiba ya pili ni kurekebisha kwenye mzizi: mrudi kwa aliyewafungisha, mpate uthibitisho kutoka kwenye daftari lake la ndoa, kisha RITA, wakala wa serikali wa usajili, mkiwa na pasipoti na cheti chake cha kuzaliwa. Hiyo inakwenda taratibu. Fanyeni yote mawili, kiapo wiki hii, marekebisho yaanze sambamba. Na cheti kipya kikitoka, tafadhali usikipige laminesheni. Nakula kwa laminesheni lakini nasema kweli: karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki haipigwi mhuri tena na haikaguliki vizuri.

Tuje kwenye muda, ambalo ndilo swali lenyewe.

Anza sasa. Usisubiri kiishe.

Tangu sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, mgeni aliyeajiriwa anabeba karatasi mbili za ofisi mbili. Kibali cha kazi ni cha Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi ni cha Kamishna Jenerali wa Uhamiaji. Zote mbili zimefungwa kwenye shingo ya mwajiri mmoja na kazi moja. Akihamia kampuni ya jirani, hata kwa cheo kile kile, haendi nazo, kampuni mpya inaanza upya. Watu wanachokosea ni kusoma tarehe iliyochapwa. Wanasema, "Aa, hiki kinaishia mwakani." Tarehe ile ina maana kazi ikiwepo. Kazi ikifa, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa na kibali kurudishwa, na ile miezi iliyobaki kwenye karatasi haina mwenyewe.

Kwa hiyo mwombee ukaazi kwa msingi wa ndoa angali anakaa kihalali kwa daraja B. Kuomba hakumfutii alichonacho. Ila hawezi kukaa na hadhi mbili kwa pamoja. Jipya likitoka, linachukua nafasi ya la zamani. Asirudishe kile cha kwanza kwa kiherehere kabla ya jibu. Na aende kwa afisa utumishi wa kampuni aombe kwa maandishi mambo mawili: siku yake ya mwisho kazini ni lini, na kibali watakirudisha lini. Wengi wanaona aibu kuuliza, kama vile wanajichulia. Aulize. Ikiwa siku ya mwisho itafika jibu la ombi lenu halijatoka, muwe dirishani Uhamiaji kabla ya siku hiyo mkieleza hali na kuomba pasi maalumu ya kuvukia. Kabla, mwanangu. Ukienda siku moja baadaye unaongea kama mkosaji.

Na kampuni ikibadili nia ikampa mkataba mwingine? Basi achana na ombi la ndoa kwa sasa. Nitakueleza kwa nini nikifika kwenye kazi.

Msidanganyike pia na ule wepesi wa Afrika Mashariki. Kweli Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, anagongewa mhuri Namanga au Holili anapita. Mhuri ule ni wa matembezi. Kuishi na mkeo Ilazo, kupeleka watoto shule, kulipa kodi ya nyumba, hayo si matembezi, na hakuna afisa atakayeyaita hivyo.

Haya sikuyasoma kwenye jalada la mtu. Marehemu mume wangu alikuwa Mzambia wa Kasama, fundi wa magreda, aliletwa na kampuni ya barabara ambayo siitaji. Mkataba wake uliisha Ijumaa moja mwezi Agosti 2003. Alirudi nyumbani na sanduku la spana na bahasha ya kaki, anacheka, anasema sasa nitalala mpaka saa mbili. Kibali walishakichukua kukirudisha. Mimi, karani wa masjala, niliyekuwa nikishika majalada ya watu kila siku, nilijua tuna cheti cha ndoa. Kilikuwa ukutani sebuleni, kwenye fremu, chini ya picha ya Mwalimu. Jumatatu nikakishusha. Kona moja ilikuwa imegandana na kioo kwa unyevu, nikavunja fremu kwa kisu cha mezani na bado kipande cha mhuri kilibaki kwenye kioo.

Nikafika dirishani. Kijana mmoja, adabu tele, akakiangalia cheti, akaniangalia, akauliza: "Mama, mzee leo hii yupo nchini kwa karatasi gani?"

Sikuwa na jibu. Cheti kilisema ni mume wangu; hakikusema anakaa kwa ruhusa ipi. Tukashauriwa atoke, aingie upya, ndipo ombi lianze. Akapanda basi mpaka Tunduma, akavuka Nakonde, akakaa kwa binamu yake usiku kumi na moja. Watoto tuliwaambia baba kaenda kumsalimia bibi. Mdogo aliuliza kwa nini hakubeba zawadi ya bibi. Nauli, mihuri na simu za kibanda zilitumaliza akiba ya ada ya muhula. Tungeomba Juni, yasingetukuta.

Kuhusu neno "mtegemezi", mwambie mkwe nimemwelewa. Hata wangu alinuna. Mwanamume amesomea daraja na zege, halafu kwenye fomu anaandikwa kwenye chumba kile kile na mtoto wa darasa la kwanza. Lakini fomu haiulizi nani analipa kodi ya nyumba. Inauliza nani kati yenu ana haki ya kukaa nchi hii bila kumwomba mtu, na huyo ni wewe. Wewe ndiye mwenyeji kwenye ombi, barua ya kuomba unaandika wewe, kitambulisho chako cha NIDA au cheti chako cha kuzaliwa ndicho kinatangulia, kisha cheti cha ndoa, kisha pasipoti yake pamoja na nakala ya kibali anachotoka nacho, picha, na barua ya serikali ya mtaa kwamba kweli mnaishi hapo. Weka na karatasi ya mshahara wako wa uuguzi, inasaidia kuonyesha hutamwacha alale njaa. Angalia pasipoti yake inaishia lini. Ikiwa imebakiza miezi michache, aanzie ubalozi wao kuihuisha, maana hakuna anayepewa ukaazi mrefu kuliko pasipoti. Ukimweleza kwamba ni wewe unayemdhamini, siyo yeye anayekutegemea, huenda akaacha kununa Jumatano badala ya Alhamisi. Wangu nilimpikia nshima ngumu ya kwao, akasaini.

Sasa kazi, na hapa ndipo ndoa nyingi za namna hii zinapojikwaa. Ukaazi wa ndoa unampa paa. Haumpi kazi. Siku anapoacha daraja B na kuingia kwenye karatasi ya ndoa, hawezi kuajiriwa Tanzania mpaka mwajiri mwingine amwombee kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, aeleze kwa nini hakupata Mtanzania wa ujuzi huo, na aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Ndiyo maana nikasema kampuni ikimwongeza mkataba mwache hapo hapo. Mtu mwenye kazi mkononi akikimbilia karatasi ya ndoa kwa sababu inasikika ya kudumu, anaweza kujikuta ana haki ya kukaa nyumbani na hana haki ya kutoka asubuhi.

Zile kazi ndogondogo za ushauri nazo ni kazi. Kumchorea jirani wa Mkonze ramani ya nyumba kwa malipo ni kazi. Tena uhandisi una mlango wake wa ziada, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mgeni naye anapita pale kabla ya kujiita mhandisi. Akitaka kujiajiri rasmi kuna njia ya uwekezaji, daraja A, ambayo inataka kampuni iliyosajiliwa na mtaji wa kuonyesha. Hapo ndipo ninaposema wakili.

Na lile duka la kutuma pesa, lisahau kabisa. Mwezi Julai 2025 ilitoka amri ya serikali inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kutuma pesa kwa simu imo. Duka la jumla na rejareja imo, isipokuwa supamaketi na wauzaji wakubwa wa bidhaa maalumu. Kutengeneza simu, saluni, udalali wa nyumba, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, zote zimo. Najua unachofikiri, kwa sababu wateja wangu watatu wamekifikiri kwa sauti hapa dukani: leseni iandikwe jina langu, yeye akae kaunta. Amri hiyo inamkamata pia raia anayemsaidia mgeni kuizunguka. Duka likiwa lako kweli, mtaji wako, leseni yako, wewe ndiye unayeliendesha, hakuna neno. Likiwa lako kwenye leseni na lake kwenye droo la pesa, mtaanguka wawili, na yeye ataanguka pamoja na kibali chake.

Msalimie mama Chamwino, mwambie mbukwenyi. Uraia haumo mfukoni mwako umpatie. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inasema mwanamke aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamke. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakutajwa. Yeye anaomba tajnisi, yaani uraia wa kuandikishwa, kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, kisha aukane Ukenya kwa sababu sisi uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima hatuna. Ng'ombe wa mahari hawabadilishi hesabu hiyo. Mimi nasema wazi kwamba sheria hii inamtazama mwanamke wa Kitanzania kama mtu anayefuata mume, haimtazami kama mtu anayeweza kufuatwa, na imekaa hivyo muda mrefu mno. Kwa wenzetu Kenya, katiba yao ya 2010, ibara ya 15, inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote, mke au mume, aliyekaa miaka saba kwenye ndoa na Mkenya. Yaani wewe kwao unafika kwa njia nyepesi kuliko yeye kwetu. Ukiuchukua, lakini, utapoteza wa kwako.

Ndiyo sababu miaka yake aliyokaa hapa kihalali ni mali. Kila pengo la karatasi linatoboa ile saba. Vibali vyote vya zamani, hata vilivyokwisha, msitupe. Sisi tulitunza vyetu kwenye kopo la maziwa ya unga.

Watoto wasikunyime usingizi. Wamezaliwa Dodoma na mama Mtanzania, ni Watanzania. Kwa baba yao ni Wakenya pia. Wanaweza kubeba zote mbili mpaka watimize miaka 18, hapo watachagua. Na kiwanja mkinunua, kiandikwe jina lako. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwambie mapema, kabla hamjafika kwa muuzaji, asije akajua mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Barua ya pili

*Habari za kazi Bi Mkubwa. Mimi ni mkulima wa alizeti Singida, nina miaka 63 na presha inanisumbua. Mke wangu ni Mzambia, anafundisha hesabu shule ya binafsi kwa kibali cha kazi. Amechoka na kila baada ya muda kusubiri shule imhuishie kibali. Tuna miaka tisa ya ndoa. Anataka aache kazi, akae kwa karatasi ya ndoa, uraia tutaomba baadaye mambo yakitulia.*
*Mzee wa Alizeti*

Salama mzee mwenzangu, na hongera kwa chaguo la Zambia, sina upande katika hilo.

Mwambie mwalimu asiache kazi. Akiacha akakaa kwa karatasi ya ndoa, hatofundisha hata masomo ya jioni kwa malipo. Na hiyo "baadaye" yenu ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako leo wakati kuna nyingine arobaini. Kile kifungu cha 11 nilichomtajia Mama Wawili kinampa mkeo haki ya kuomba uraia wakati wowote *katika uhai wa mume*. Masjala tulikuwa tukilisoma neno hilo kwa sauti ya chini. Mume akifa kabla ombi halijawasilishwa, mlango huo unafungwa, na mjane anarudi kuhesabu miaka kama mgeni mwingine. Nimeshuhudia mama aliyezika mume Aprili, akaja na fomu Juni.

Una miaka 63, una presha, mna miaka tisa ya ndoa. Mnasubiri nini kitulie? Ombi linaanzia mtaani kwenu, linapanda wilayani na mkoani, lina tangazo la gazetini na mahojiano. Si la wiki mbili. Jambo moja tu lenye uzito mkae mlizungumze usiku mmoja bila watoto: ataukana uraia wa Zambia. Kama ana shamba la urithi kwao au wazazi anaowauguza, aulize kwanza ubalozi wao hilo litamgusa vipi. Akisema ndiyo, chukueni fomu mwezi huu huu, yeye akiendelea kufundisha kwa kibali chake. Akishakuwa raia, Kamishna wa Kazi hahusiki naye tena, ataacha kazi au atahamia shule aitakayo.

Na dawa za presha unywe, usisubiri kuumwa kichwa.

Barua ya tatu

*Anti, mambo? Niko Manyoni, nina miaka 26. Kuna dada wa nje anafanya kazi kwenye kampuni moja, kibali chake kinaisha. Rafiki yake kaniambia nifunge naye ndoa bomani ya kumsaidia karatasi, nitapewa milioni mbili, tukimaliza kila mtu na lwake. Nimeshapokea laki tano za kishika uchumba. Ina shida?*

Ina shida. Ndoa ya bomani ni ndoa, hakuna ya kumsaidia mtu. Mnatangaza nia siku 21, mnasaini mbele ya msajili na mashahidi, na siku utakayompata wa kwako utakuta una mke. Kumtoa ni mahakamani. Na sheria yetu ya ndoa ya 1971 haipendi talaka za chapuchapu. Kwa kawaida hata kuiomba kabla ya miaka miwili ya ndoa kunataka ruhusa ya mahakama. Kwenye ombi la ukaazi utasaini kwamba mnaishi pamoja. Afisa akija Manyoni kuuliza majirani, watamwambia wanachokijua, na huo uongo utakuwa na saini yako chini.

Dada wa watu akitaka kubaki, kampuni imhuishie kibali au atafute mwajiri mwingine. Wewe rudisha hizo laki tano leo, tena rudisha kwa simu, kwa namba ile ile iliyokutumia, na ujumbe wa muamala uuhifadhi.